Gambuti Moja la Ngege

Mkuyuni, Mwanza
4 Julai 2025

Mwalimu Selestina,

Habari za Nyakisa na za darasa la sita? Huku sisi wazima, vumbi tu ndilo linatutesa.

Ndani ya bahasha kuna kurasa nane za toleo la kumi na moja la katuni yetu. Vile viputo vyeupe vinavyotoka midomoni mwa watu nimeviacha vitupu kama kawaida yetu, vinakusubiri wewe na mwandiko wako. Ukurasa wa tatu una doa la wino, nisamehe. Mkono wa kushoto unafuta kile unachochora, ndiyo adhabu yetu sisi tuliozaliwa hivi. Mzigo nimemkabidhi kondakta wa basi la asubuhi pale Nyamhongolo, yule mwenye jino la dhahabu. Ukichelewa, mlaumu yeye.

Sasa habari yenyewe. Princess, mhariri wetu wa Dar, amenipigia. Kwanza alinicheka kwamba watu wazima wenye simu bado tunaandikiana barua. Nikamwambia kurasa lazima zipande basi ziende kwa Mwalimu zikatiwe maneno, na mzigo usio na barua kwetu ni utovu wa adabu. Halafu akaacha kucheka. Anasema Ngege, shujaa wetu, hauziki tena. Watu wanamtaka Sangara.

Unakumbuka tulimwingiza Sangara toleo la saba awe adui wa kupita tu, mtu wa koti jeusi anayewazamisha wezi wa nyavu badala ya kuwapeleka kwa mwenyekiti wa mwalo wa wavuvi. Tulidhani wasomaji watamchukia. Kumbe wamempenda! Princess anataka toleo la kumi na mbili Sangara amuue Ngege, kisha kitabu kichukue jina la Sangara. Wakikubali kule kwao, kitachapwa kwa rangi na kuuzwa nchi nzima. Anataka jibu na kurasa kabla Septemba haijaisha.

Nimemwambia nitaongea na wewe. Ila sitakuficha, naona ana hoja.

Mfikishie Mzee Okomo shikamoo yangu.

Fundi wako,
Chenge Maige


Nyakisa, Rorya
11 Julai 2025

Fundi Chenge,

Mzigo umefika, na jino la kondakta bado lipo. Viputo vyote nimevijaza. Pale Ngege anapomwambia yule mlevi arudi kwa mkewe umemchora mlevi mzuri mpaka nikamwonea huruma mkewe.

Lakini hoja gani aliyonayo Princess? Steringi hafi. Hilo tulilijua kwenye banda la video kabla hatujajua kuzidisha. Na Ngege si steringi wa kubuni, wewe unajua. Nilikusimulia siku ile ya kwanza ulipokuja kutafuta kazi ya kuandika mabango ya shule. Mwaka 2014 mwizi alikamatwa hapa mwaloni na nyavu za baba yangu. Watu wakamzunguka na mawe. Baba akaingia katikati, akamfunika kwa mwili wake, akamtia kwenye mtumbwi akaondoka naye. Mwizi wa nyavu zake mwenyewe, Chenge, nyavu ambazo zilikuwa zinipeleke chuo! Zilichanika vipande katika vurugu ile, nikachelewa mwaka mzima kwa ajili ya mtu yule, na mpaka leo kijiji kinasema mwanaume ni Okomo. Uliposikia ulinyamaza kabisa, nikadhani haijakugusa. Wiki iliyofuata ukaniletea mchoro wa kwanza wa Ngege.

Wazee wa hapa wanasema ngege walijaa ziwa hili kabla sangara hajaletwa akawamaliza. Princess anataka sisi tummalizie yule mmoja aliyebaki. Mimi simo.

Baba anasema marahaba. Anauliza lini utakuja kumwamkia kwa mdomo wako, maana mwaka wa nne huu shikamoo zako zinapanda basi zenyewe. Njoo, hatakumeza. Ila safari hii umpe mkono wa kulia kama mtoto wa watu. Siku ile ulimpa wa kushoto na wa kulia umeutia mfukoni, aibu niliona mimi.

Mwalimu wako,
Selestina Okomo


Mkuyuni, Mwanza
19 Julai 2025

Mwalimu,

Mbona umeniandikia kama mtoto aliyekosa hesabu? Ngoja nikuonyeshe kitu.

Kibanda changu cha mabango kimepakana na saluni ya Shigela, kinyozi. Vitabu vyetu vyote anavyo, wateja wanasoma wakisubiri zamu. Juzi nilivifungua kimoja kimoja. Toleo la tano, pale Ngege anapomvuta mwizi kutoka majini, ukurasa ni msafi kama ulivyotoka mashineni. Toleo la saba, Sangara anapomkandamiza mwizi chini ya maji, ukurasa umeshikwa mpaka umelainika kama kitambaa, na pembeni kuna alama za mafuta ya nywele. Nikamuuliza Shigela kwa nini. Akaniambia, "Fundi, huyu Ngege wenu akinitazama najiona mchafu. Sangara akinitazama namwona mwenzangu."

Mjibu wewe, kama unaweza.

Mtu mwema ana raha zake. Anasamehe, anapigiwa makofi, anakwenda kula ugali wake. Je, yule aliyesamehewa? Umewahi kumfuata nyumbani ukaona anabaki na nini? Anaamka na deni lake, analala nalo, hana hata wa kumlipa. Sangara angalau anamaliza. Wakati mwingine naona Sangara ndiye mwenye huruma kati yao wawili.

Nakutumia kurasa nne za mwanzo za toleo la kumi na mbili. Usikasirike kabla hujaziona. Sijawahi kuchora vizuri hivi, na hilo nalo linanitia haya, lakini ndiyo kweli.

Shikamoo ya Mzee. Kuhusu kuja, kazi zimenibana.

Chenge


Nyakisa
2 Agosti 2025

Chenge,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Wiki iliyopita darasa la sita walicheza Sangara.

Mchezo huo upo siku nyingi, mimi ndiye nilikuwa sijauona. Hakuna anayekubali kuwa Ngege, wanamwita mchovu. Wote wanagombania kuwa Sangara. Kuna mtoto aliyechukua kalamu ya mwenzake, ndiye akafanywa mwizi. Walimfunga kwa masweta, wakamweka kwenye ukuta wa choo, wakaanza kumrushia mawe, madogo madogo, wakicheka. Nilipofika, Odeta, yule msichana ninayekuambiaga ana akili kuliko wote, alikuwa ameinua mkono na jiwe mkononi. Akaniona. Hakulishusha. Aliniangalia usoni na kulirusha, likampata mwenzake begani.

Walimu wenzangu walisubiri nimchape. Mimi niliingia darasani nikafunga mlango. Nilishindwa hata kumkemea, Chenge. Nilishindwa kumtazama. Kuna sababu, lakini tuiache.

Kurasa zako nne nakurudishia. Ni kweli hujawahi kuchora vizuri hivyo. Viputo vya watu wengine nimevijaza, vya Sangara nimeviacha vyeupe. Siwezi kumtilia maneno mdomoni. Usinitume tena.

Ila nikuombe kitu kimoja. Kama lazima Ngege afe, nichoree kwanza ile siku ya mwaloni, ukurasa mmoja tu, baba na mwizi na watu. Hatujawahi kuionyesha. Angalau msomaji ajue anayeuawa ni nani.

Baba anasema marahaba.

Selestina


Mkuyuni
9 Agosti 2025

Mwalimu,

Habari ya watoto imenivuruga. Nilikwenda saluni nikamwomba Shigela anirudishie toleo la saba. Amekataa, wateja wataleta fujo. Nimerudi kibandani nikakaa. Bango la duka la dawa nililotakiwa kumaliza siku ile nimelimaliza jana, na mwenyewe amenisema mbele za watu.

Ukurasa ulioomba huu hapa. Nilidhani utanichukua wiki, umenichukua asubuhi moja, sikufuta mstari hata mmoja. Watu waliozunguka nimewaacha bila nyuso, kuna nafasi tupu tu ya kila uso. Sikuweza kuwapa nyuso. Kisanduku cha mwisho ni Ngege na mwizi ndani ya mtumbwi, na kuna kiputo kimoja, cha Ngege. Jaza unavyojua.

Ukiniuliza mimi, yule mwizi alistahili kilichokuwa kinamjia. Watu hawakukosea. Mzee ndiye alifanya zaidi ya haki, na zaidi ya haki si kila mtu anaweza kuibeba.

Shikamoo yake.

Chenge


Nyakisa
16 Agosti 2025

Chenge,

Nani alikuambia kuhusu gambuti?

Umemchora baba amesimama juu ya mwizi akiwa na gambuti mguu wa kushoto, mguu wa kulia peku. Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anavua magambuti mlangoni, akasikia kelele, akakimbia na moja. Lakini mimi sikukuambia hilo. Siijui siku niliyomwambia mtu yeyote. Shujaa hakimbii na gambuti moja, kwa hiyo nilipokuwa nasimulia nilikuwa naliruka, na nilikuwa naliruka kwa sababu naona haya.

Tena umeliwekea kiraka.

Nilimwonyesha baba ukurasa. Aliuangalia muda mrefu, halafu akauliza kama chai ipo. Nikamuuliza, baba, wewe ndiye ulimwambia Chenge? Akasema, "Huyo hakuhitaji kuambiwa."

Nijibu. Usinitumie michoro, nijibu kwa maneno.

Selestina


Mkuyuni
25 Agosti 2025

Selestina,

Sikuzaliwa na mkono wa kushoto.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuja mwaloni kwenu nikiwa mpakiaji kwenye gari la barafu, lile lililokuwa linakusanya samaki kuwaleta Nyakato kiwandani. Gari likaharibika, tukakaa siku tatu. Ningependa kukuandikia kwamba nilikuwa na njaa, au mama alikuwa mgonjwa. Wezi wa kwenye vitabu vyetu wote wana mama mgonjwa, wewe unawahurumia sana. Mama yangu Dorotea alikuwa mzima kabisa kwake Sengerema, analima viazi vyake. Mimi nilitaka simu ya kupangusa. Wenzangu walikuwa nazo. Nyavu zilikuwa zimeanikwa, hapakuwa na mtu, nikachukua. Ndiyo yote. Sikujua kwamba ni chuo cha mtu, na sijui kama ningejua ningeacha. Za mwizi arobaini, zangu mimi hazikufika hata mbili.

Watu walipokuja nilikinga kichwa kwa mkono wa kulia. Mawe mengi sikuyasikia. Lakini moja lilinipata vidoleni, na hilo nililisikia mlio wake. Vidole vinne. Vilipona vikiwa vimejikunja, ndiyo maana unauona mkono huo umekaa mfukoni siku zote. Halafu nikaona gambuti jeusi lenye kiraka chekundu cha mpira wa baiskeli, limesimama karibu na pua yangu, na pembeni yake mguu peku. Sikuona kitu kingine mpaka tulipokuwa majini. Asubuhi ile nilipochora ukurasa wako sikukusudia kulichora. Nilipogundua lipo, nilishindwa kulifuta. Pengine nilitaka ulione.

Miaka minne umekuwa ukimwandikia Ngege maneno mazuri. "Nenda, usirudie tena, ziwa linakuona." Nayapaka wino huku nikijua hayakusemwa. Tulipofika mbali na ukingo baba yako aliniuliza, "Umekula?" Nikatikisa kichwa. Akauliza, "Mkono upi mzima?" Nikainua wa kushoto. Akasema, "Basi shika kasia. Mimi mzee, siwezi kukupeleka peke yangu." Tukapiga kasia pamoja mpaka mwalo wa jirani, yeye mbele, mimi nyuma, napiga vibaya, mtumbwi unazunguka, naye anaunyoosha. Hakuniuliza jina. Kila mstari niliouchora tangu hapo umetoka kwenye kasia lile.

Mwaka 2021 nilikuja kuomba msamaha. Maneno niliyafanyia mazoezi njia nzima. Nikakukuta wewe uani unasahihisha madaftari, nikasema mimi ni fundi wa mabango kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu. Ukanisimulia habari zangu mwenyewe, macho yanakung'aa kwa ajili ya baba yako. Ulisema, "Yule mwizi sijui aliko, ila natumaini alistahili kuokolewa." Ningesema nini hapo? Nikamchora Ngege nikidhani nalipa kidogo kidogo. Badala yake kila toleo liliongeza uongo juu ya uongo.

Sikumchora Sangara kwa ajili ya Princess. Nilimchora toleo la saba, kabla yeye hajatujua. Nilitaka mtu wa kumalizia kazi ambayo baba yako aliwakatisha watu. Kila mwizi aliyezamishwa na Sangara, angalia vizuri, nimempa masikio yangu.

Jana nilivuka Kigongo, sasa hakuna tena kusubiri kivuko, unapita darajani dakika chache, nikakosa hata muda wa kubadili mawazo. Nikamwambia mama. Miaka yote nilikuwa nikimwambia nilianguka na pikipiki. Akasema, "Nilijua hukuanguka. Pikipiki gani inavunja vidole vinne ikaacha magoti?" Halafu akaniuliza, "Umemwambia mwenye nyavu?" Nikaona haya mbele ya mama yangu kuliko nilivyoona mbele ya mawe.

Mficha uchi hazai. Sasa umejua. Kurasa zote ni zako, mwambie Princess unachotaka, mwambie hata kijiji. Shikamoo ya Mzee leo siandiki, sina uso wa kuiandikia.

Chenge, mwizi wa nyavu zenu


Nyakisa
20 Septemba 2025

Chenge,

Najua umehesabu siku. Najua umefikiri nimekukasirikia. Nilikasirika, siku mbili. Nilimwaga kikombe cha chai kwenye meza ya mkuu wa shule, na nilipomwambia mtoto mmoja "mwizi wewe" kwa ajili ya chaki, neno lilinirudi mdomoni likiwa chungu. Siku zilizobaki sikuwa na hasira. Nilikuwa najificha.

Baba alikujua tangu siku ile ya kwanza. Nilimsomea barua yako jikoni, akawa anachambua dagaa kama vile nasoma bei ya sabuni. Akasema, "Hapa kwetu hakuna kijana anayempa mzee mkono wa kushoto, isipokuwa asiyetaka wa kulia uonekane. Nikajua ni mtu wangu wa kasia." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniangalia. Akasema, "Na wewe mbona hukuniambia?"

Sasa na mimi nakuambia.

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na nane, nimevaa sketi ya shule kwa sababu sikuwa na nyingine. Nilijua nyavu zile ni chuo changu. Niliona mtu yuko chini, uso wote matope na damu, amekinga kichwa kwa mkono. Jiwe nililichagua, Chenge. Sikuokota la karibu, nililiacha la karibu nikachukua lililojaa mkononi. Nikalenga mkono kwa sababu ndio uliokuwa umeiba. Na mimi nililisikia mlio wake.

Ningependa kukuandikia kwamba nilijuta palepale. Nilisikia raha. Raha tamu kabisa, kama ya kupatia jibu ubaoni mbele ya darasa zima. Niliinama kuokota lingine, ndipo baba akafika na gambuti lake moja. Aliponipita alilichukua jiwe mkononi mwangu akaliangusha. Halafu akaondoka na wewe majini. Juzi jikoni ameniambia, "Yule nilimtoa. Wewe nilikuacha ukingoni na jambo lako. Nilikosea. Nilidhani utasema ukiwa tayari, nikasubiri miaka kumi na moja."

Ndiyo maana nilimwandikia Ngege maneno marefu. Nilikuwa namtaka awe mwema mpaka anifunike na mimi. Ndiyo maana viputo vya Sangara nimeviacha vyeupe. Usidhani sikujua la kumsemesha. Maneno yake yote nayajua, tangu la kwanza mpaka la mwisho, niliyasema moyoni siku ile. Nimekucheka mkono wako wa kushoto miaka minne. Nimekuandikia "kama mtoto wa watu". Nikikumbuka nataka kujifunika shuka uso mzima. Na Odeta aliponitazama na jiwe mkononi nilimwona nani, unajua mwenyewe.

Juzi nilimwita Odeta nikamwambia. Sijui kama nilifanya vizuri. Alisikiliza, akauliza, "Mwalimu, uliwahi kumwomba msamaha?" Nikasema bado. Akasema, "Mimi yangu nimeshaomba." Akaenda kucheza.

Nakuomba msamaha, Chenge. Sina lugha nyingine. Vidole vyako vinne nilivivunja mimi.

Ukurasa wa mwaloni nakurudishia. Kwenye kiputo cha Ngege nimefuta kila nilichowahi kumwandikia, nimeweka "Umekula?" basi. Na kwenye wale watu uliowaacha bila nyuso, yule wa tatu kutoka kulia, mwenye sketi, nimemtia uso. Sijui kuchora, unajua. Lakini huyo ni mimi.

Selestina


Mkuyuni
27 Septemba 2025

Selestina,

Nimekaa na ukurasa siku tano. Siku ya kwanza nilikuchukia, sitakudanganya. Niliuangalia mkono wangu wa kulia nikawaza kalamu zote ambazo vidole vile vingezishika. Siku ya pili nikakumbuka kwamba nyavu zilikuwa zako, na kwamba uliandika "lililojaa mkononi" wakati ungeweza kuandika "jiwe" tu, nisijue. Siku ya tatu nilimaliza bango la watu. Nimeshakusamehe, nadhani, na bado inauma, sikujua kwamba vyote viwili vinakaa kwenye kifua kimoja. Na mimi naomba unisamehe nyavu zako na mwaka wako.

Princess nimempigia. Nimemwambia Ngege hafi, na Sangara hapati kitabu. Toleo la kumi na mbili ni siku ile ya mwaloni, kurasa zote, na gambuti moja. Aliuliza, sasa steringi ni nani hapo na adui ni nani? Nikamwambia msomaji ataamua akifika nyumbani. Akasema hawatalichukua. Basi. Kuna mashine ya kurudufu hapa Mkuyuni, ndiko tulikoanzia. Shigela amesema ataliweka saluni, ila ameniomba nisimtilie mwizi yeyote masikio yake.

Uso wako umeuchora vibaya sana, Mwalimu. Macho hayalingani, shingo haipo, na mkono wenye jiwe ni mkubwa kuliko kichwa. Mwanafunzi wako wa darasa la kwanza angekushinda. Nimeupaka wino hivyo hivyo ulivyo, sikunyoosha mstari.

Jumamosi ijayo nitapanda lile basi la kondakta mwenye jino la dhahabu, kurasa nitazishika mwenyewe. Mzee usimfikishie shikamoo yangu. Naileta mimi, kwa mkono wa kulia.

Chenge